Batani ya dole kwenye apu ya wakulima wa zabibu: shajara ya mradi, Dodoma

Jumatatu, dole limeleta kesi

Kwa mnaoingia leo: apu ni ya matangazo ya chama cha msingi cha wakulima wa zabibu huku barabara ya Iringa. Humo ndani katibu anaweka bei za wanunuzi, tarehe za mikutano, ushauri wa dawa, habari za mvua, na chini ya kila tangazo kuna dole gumba moja na namba pembeni. Dole lilikuwepo tangu toleo la kwanza na hakuna aliyewahi kuuliza liko pale la nini, apu zote zinalo basi na sisi tukawa nalo.

Kesi imetokea mkutanoni. Katibu aliweka bei ya kilo ambayo mnunuzi mmoja ametaja, watu wakabonyeza dole kwa wingi, mwenyekiti akasimama na simu mkononi akasema ndugu wanachama bei hii mmeshaiafiki, namba hii hapa mnaiona. Weee. Mama mmoja wa safu ya mbele akamkatisha, "Mwenyekiti mi nilibonyeza kuonyesha nimeona, kukubali nilikubali saa ngapi?" Kijana wa nyuma yake alibonyeza kumshukuru katibu kwa kuweka bei mapema kabla madalali hawajapita mashambani. Mwingine alidhani ukibonyeza lile tangazo linatoka linakuja jingine. Na kuna mzee alisema hakubonyeza kitu, simu ilikuwa kwa mjukuu.

Yani batani moja, watu wanajibu maswali manne tofauti, afu kihesabu kinayajumlisha yote kama ni kitu kimoja na mwenye cheo anasoma jumla anavyotaka. Nimewaambia wenzangu hatuanzi na rangi wala ikoni safari hii. Tunaanza na swali: mtu akibonyeza hapa anakuwa ameulizwa nini?

Jumatano, wakubwa nao walihangaika

Leo nimesoma tu, umeme ulikuwa unakuja na kuondoka kwa hiyo kuandika programu hakukwenda.

Dole la Facebook lilitoka tarehe 9 Februari 2009, na ndani ya kampuni mwanzoni walikuwa wanaliita Awesome. Hawakuwa wa kwanza, Vimeo walikuwa na laiki tangu 2005 na FriendFeed 2007. Kilichonivutia ni kilichofuata. Mtu anaandika amefiwa na baba yake, wewe unataka kumwonyesha uko naye, kilichopo ni dole. Unamwekea dole la msiba? Kelele za watu kutaka batani ya kutopenda zilidumu miaka, Facebook hawakuitoa, badala yake Februari 2016 wakaleta zile sura za kucheka, kushangaa, kulia, kukasirika na moyo, ukijumlisha na dole lenyewe ni sita. Twitter wao walikuwa na nyota, wengine wanaitumia kuweka alama ili warudi kusoma baadaye, wengine kusifia, Novemba 2015 ikawa moyo na wale wa kuweka alama wakalalamika kweli kweli, maana kuweka alama kwenye habari ya ajali kwa kutumia moyo inakaa vibaya. YouTube walikuwa na nyota tano, wakagundua karibu kila anayepiga nyota anapiga tano, 2010 wakahamia dole juu na dole chini. Netflix nao waliacha nyota 2017.

Hao wote wana mainjinia kuliko maboga ya Kongwa na bado walirudi kwenye swali lile lile la batani inauliza nini. Ila sitaki kuiga zile sura sita. Sura sita zinafaa pale watu wanapiga soga. Katibu anayetaka kujua kama wanachama wamepata taarifa ya mkutano, sura ya kucheka itamsaidia nini?

Alhamisi, kila tangazo na batani yake

Uamuzi: dole la jumla linatoka. Kila aina ya tangazo inapata batani moja inayolihusu.

Matangazo ya taarifa tu, yani mkutano, mvua, gari la kukusanya mzigo, yanapata "Nimeona". Hapo hamna kupenda wala kutopenda.

Ushauri wa dawa na shamba unapata "Imenisaidia", na hapa ndo nimekaa sana. Chukua tangazo la kupuliza salfa kuzuia ubwiri unga. Mtu analisoma saa mbili usiku kitandani, anabonyeza imenisaidia. Imemsaidiaje na hajapuliza bado? Alichopenda ni maandishi, dawa hajaijaribu. Kwa hiyo kwenye matangazo ya aina hii batani haionekani siku ya kwanza kabisa, siku hiyo kuna "Hifadhi" peke yake, na baada ya wiki apu inakuuliza, ulijaribu? Ukisema ndiyo ndipo inakuja imenisaidia au haikunisaidia. Namba zitakuwa chache kuliko zamani, tena chache sana, na mwenyekiti hatafurahi, lakini afisa ugani ndiye atakayezitumia na yeye anataka hizo chache za ukweli.

Bei na mambo ya maamuzi yanapata mbili: "Naunga mkono" na "Nina swali". Juu yake mstari umekaa palepale hauondoki: Hii si kura, kura inapigwa mkutanoni. Wengine kwenye timu wanaona mstari huo unachafua skrini. Mi naona ndiyo sehemu muhimu kuliko batani yenyewe. Vyama vya ushirika vinaongozwa na Sheria Na. 6 ya 2013, kuna mkutano mkuu, mwanachama mmoja kura moja, kuna akidi, kuna muhtasari unaosainiwa. Dole la kwenye simu aliyoshika mjukuu halina hata kimoja hapo.

Kwanini "Nina swali" na siyo "Sikubali"? Kwa sababu nawajua watu wetu. Tangazo limesainiwa na mzee mwenye umri wa baba yako, nani atakuwa wa kwanza kubonyeza sikubali? Atakaa kimya, afu atauza mchuzi wake wa zabibu pembeni kwa dalali usiku. Akibonyeza nina swali hajamvunjia mtu heshima, na swali linaenda kwa katibu peke yake bila namba kuonekana hadharani. YouTube wenyewe Novemba 2021 walificha hesabu ya madole ya chini, yakabaki yanaonwa na mwenye video, walisema ni kuzuia watu kumvamia mtu mmoja kwa makusudi. Sababu yetu ni tofauti ila mlango tunaotokea ni huo huo.

Jumamosi, shambani na simu

Nimekwenda na simu tatu za aina ambazo watu wanazo kweli, Tecno moja, itel mbili, moja kioo kimepasuka pembeni. Muda wa saa sita mchana makusudi. Mnaokaa Dodoma mnalijua jua la saa sita la huku, na mnajua mtu anapunguza mwanga wa simu kuokoa chaji mpaka skrini inakuwa giza.

Mzee mmoja alikuwa anapogolea, nikamsalimia, "Shikamoo mzee." "Marahaba, mbukwa, leo umeleta nini tena?" Nikampa simu nikamwambia nionyeshe kama umeshabonyeza nimeona kwenye hili tangazo au bado. Akaigeuza, akaifunika kwa kofia, akairudisha. "Sioni kitu hapa, kijivu kitupu."

Ikoni ya jicho isiyobonyezwa ilikuwa ya mistari ya kijivu, iliyobonyezwa imejazwa kijani hafifu. Ofisini kwenye kompyuta inapendeza mno. Juani ni kitu kimoja. Mwongozo wa WCAG, ule wa kufanya kurasa zitumike na watu wote hata wasioona vizuri, unataka ikoni na mipaka ya batani itofautiane kwa mwangaza na nyuma yake kwa angalau 3 kwa 1, na maandishi ya kawaida 4.5 kwa 1, ile kijivu nilivyoipima haifiki hata hiyo ya 3. Na hata ikifika, hali ya batani haitakiwi kutegemea rangi peke yake. Kwa hiyo sasa: kabla ya kubonyeza ni kisanduku cheupe chenye mpaka mweusi mnene, ukibonyeza kinakuwa cheusi chote, maandishi meupe, na alama ya vema inatokea mbele ya neno. Mzee akaitambua bila kofia.

Ukubwa. Kuna kanuni ya Paul Fitts ya 1954, muda wa kufikia kitu unategemea umbali wake na upana wake, kitu kidogo kikiwa mbali kinakuchelewesha na unakikosa. Android wanashauri sehemu ya kugusa isipungue dp 48 (dp ni kipimo chao cha skrini), ni kama milimita 9 hivi, Apple wao pointi 44, WCAG 2.2 ya 2023 inakubali mpaka pikseli 24 kama kiwango cha chini kabisa. Hiyo 24 sijui nani anaibonyeza, labda mtu wa vidole vya kalamu. Mkulima katoka kupuliza salfa, vidole vina unga, kioo kina vumbi la Dodoma juu yake, nimeweka batani upana mzima wa skrini na urefu wa dp 56. Mbunifu wetu kasema inaonekana kama mlango wa godauni. Sawa tu, mlango wa godauni hakuna anayeukosa.

Kitu kingine, "Nina swali" ilikuwa imegusana na "Naunga mkono". Mama mmoja alibonyeza ya juu akapata ya chini, kwa jambo la bei hiyo ni hatari. Zimetenganishwa, na ukibonyeza yoyote unapata sekunde kadhaa za "Tengua" chini ya skrini, bila lile dirisha la je una uhakika ambalo watu wanalibonyeza ndiyo bila kusoma.

Ikoni ya naunga mkono nilikuwa nimechora mkono ulioinuliwa. Yule mzee alivyouona tu akacheka, "Hapo si umeshapigisha kura." Kweli, mikutanoni kura inapigwa kwa kunyoosha mkono, nachora mkono afu chini yake naandika hii si kura. Tukajaribu alama ya vema kwenye kisanduku, hiyo nayo ni karatasi ya uchaguzi kabisa. Mwisho ya bei imebaki maneno matupu bila picha, na kwa wasiosoma kuna kitufe cha spika pembeni kinachosema maneno hayo kwa sauti ya mama mhazini, ambaye alirekodi akiwa anacheka ikabidi arudie.

Jumanne, mtandao

Kuna mabonde huku ambako simu inapata vijistari viwili ukipanda juu ya kichuguu. Mtu anabonyeza, kimya, anabonyeza tena, kimya, anabonyeza kwa hasira. Batani ya zamani ilikuwa inatuma seva amri moja, geuza, yani kama jibu lipo liondoe, kama halipo liweke. Sasa mtandao ukirudi zinafika amri mbili kati ya tatu, geuza, geuza, mtu yuko pale pale alipoanzia na yeye anaamini ameshajibu. Katibu anaona hajaona tangazo, anampigia, mtu anakasirika.

Sasa hivi batani haitumi geuza. Inatuma hali yenyewe: mwanachama huyu, tangazo hili, jibu liwe nimeona. Ifike mara moja au ifike mara kumi, matokeo ni yale yale, na kwenye databezi kuna sharti kwamba mwanachama na tangazo haviandikwi pamoja mara mbili. Pia jibu haliendi kwa linki ya kawaida ya GET, yani ile ya kufungua ukurasa tu, maana kuna brauza na roboti zinazofungua linki zenyewe kabla mtu hajagusa, ungekuta mvua imeonwa na watu waliolala.

Jakob Nielsen, mtafiti wa urahisi wa kutumia kompyuta, ana vipimo vyake vya tangu 1993, sehemu ya kumi ya sekunde mtu anahisi ni papo hapo, sekunde moja wazo lake halijakatika, sekunde kumi ameshahama. Kwa 2G ya huku hatuwezi kusubiri seva ijibu ndipo tupake batani rangi. Kwa "Nimeona" tunaipaka palepale na jibu linakaa kwenye foleni ndani ya simu mpaka mtandao upatikane. Kwa "Naunga mkono" nimekataa kufanya hivyo. Ile inaandika "Inatumwa" na inabaki hivyo mpaka seva ithibitishe, hata kama ni jioni atakapopita njia panda. Dogo wa Chuo Kikuu cha Dodoma aliye nasi kwa mafunzo kwa vitendo alibishana sana hapa, anasema batani mbili za apu moja zikiwa na tabia mbili zinachanganya watu. Ana hoja. Ila batani inayosema umeunga mkono jambo la bei na seva haina habari, afu mtu anakuta mkutanoni jibu lake halimo kwenye jumla, mi hiyo siitaki kabisa.

Wanaoifungua apu kwa brauza ya Opera Mini ni wengi kuliko nilivyodhani. Ile kurasa inachorwa kwenye seva za Opera ndo inaletwa kwenye simu, kwa hiyo mbwembwe za JavaScript baada ya kubonyeza zinalazimika kurudi seva kila mara. Kwao batani ni fomu ya kawaida ya HTML, ukibonyeza ukurasa unapakia upya na jibu lako limewekwa. Haina animesheni. Hakuna aliyeulizia animesheni.

Ijumaa, namba ionekane au isionekane

Mwenyekiti anataka namba kubwa juu ya kila tangazo, watu wahamasike. Nimemwelewa, na kwa tangazo la mkutano nimempa, yeye na katibu wanaiona. Kwa bei nimegoma.

Kuna jaribio lilichapishwa kwenye jarida la Science mwaka 2013, la Muchnik, Aral na Taylor. Walichukua maoni zaidi ya laki moja kwenye mtandao wa kujadili habari, mengine wakayapa kura moja ya juu bila mpangilio, yakiwa bado mapya. Kura moja tu ya bandia. Mwishowe yale yaliyopewa yalikuwa na alama za juu kuliko mengine kwa asilimia 25 kwa wastani. Yaliyopewa kura ya chini watu waliyarekebisha, yakarudi. Yani sifa inavuta sifa, lawama haivuti hivyo. Hapo ni watu wasiojuana. Sasa weka kijiji ambacho wa kwanza kubonyeza ni mwenyekiti, wa pili shemeji yake, na kila mtu anajua.

Kwa hiyo kwenye bei namba imefichwa kwa kila mtu, viongozi wakiwemo, mpaka muda wa tangazo ufungwe. Mama mhazini aliniunga mkono mbele ya kikao, alisema, "Mwanangu acha hivyo hivyo, mtu ajibu na moyo wake." Mwenyekiti akanyamaza.

Mpangilio wa ushauri wa dawa ni suala jingine dogo. Ukipanga kwa asilimia tupu, ushauri uliosifiwa na watatu kati ya watatu unakaa juu ya ule wa 90 kati ya 100. Tumetumia fomula ya Edwin Wilson ya 1927, ile ya makadirio ya chini inayoshusha zaidi alama pale waliojibu ni wachache, kwa uhakika wa asilimia 95 wa watatu unashuka mpaka 0.44 na wa tisini unabaki 0.83. Mkulima haoni fomula, anaona tu ushauri wenye uzito uko juu.

Jumatatu, majina

Nilijua litakuja. Mwenyekiti anaomba orodha ya ambao hawajaunga mkono, "niongee nao vizuri tu". Nimemjibu kwa heshima zote mzee wangu hapana. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, taarifa uliyoichukua kwa lengo moja huwezi kuigeuzia lengo jingine unavyojisikia, na wanachama hawakuambiwa batani ya bei ni ya kuwajua wabishi. Orodha ya nimeona ya mkutano katibu anaipata kwa sababu fomu ya kujiunga inasema hivyo wazi. Ya bei inatoka jumla tu, bila majina.

Dogo naye alipendekeza tuachane na haya yote tubandike dole la Facebook lenyewe, kazi iishe. Kuna kesi ya duka moja la nguo la mtandaoni la Ujerumani, Fashion ID, mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua Julai 2019 kwamba ukibandika dole la Facebook kwako basi unawajibika pamoja nao kwa kukusanya taarifa za wanaopita na kuzituma kule, kwa sababu zinakwenda hata kama mtu hajabonyeza. Hukumu ya Ulaya haitufungi huku, ila ile kazi ya kimya kimya dole linaifanya popote lilipobandikwa. Hatubandiki.

Alhamisi, hali ilivyo

Toleo jipya liko kwenye simu za viongozi na wanachama wachache waliojitolea. Tangazo la gari la kukusanya mzigo limekwenda vizuri, katibu aliwapigia wale tu ambao hawakuona, anasema amepunguza vocha. Tangazo la bei la majaribio limeleta maswali mengi kuliko uungaji mkono, karibu yote ni kuhusu mizani na siku ya malipo, mambo ambayo kwenye dole la zamani yasingeonekana popote. Mnunuzi kaulizwa, kajibu nusu.

Bado: TalkBack, programu ya Android inayowasomea skrini wasioona, inasoma "Nimeona, batani" kabla na baada ya kubonyeza bila kutaja hali, nahitaji kuweka aria-pressed, alama ya kwenye HTML inayosema batani imebonyezwa au la, na kuacha jina lisibadilike, maana jina likibadilika na hali ikabadilika msomaji anasikia kinyume. Sauti za kitufe cha spika zinakula bando, nitazibana zaidi. Simu moja yenye wanachama wawili, mke na mume, bado inabidi mtu atoke aingie upya, nataka pini fupi kwa kila mwanachama wakati wa kujibu matangazo ya bei tu. Na mama mhazini anataka ule mstari wa hii si kura uwe na herufi kubwa zaidi, nimeshaongeza, anataka tena. Yote haya yaingie kabla ya mavuno ya Agosti, wanunuzi wakianza kupita hakuna atakayekuwa na muda wa kunionyesha batani.